Ujumbe wa Kosa na Wajibu wa Kusema Kweli

Ujumbe wa kosa ni maandishi yanayotokea pale programu inaposhindwa kuendelea na kazi iliyoagizwa. Katika JavaScript, lugha inayoendesha kurasa katika vivinjari vyote vikuu na, kupitia Node.js, seva nyingi pia, maandishi hayo kwa kawaida hubebwa ndani ya kitu kinachoitwa `Error`. Kitu hicho hutupwa kwa neno `throw` na kudakwa kwa neno `catch`. Asipotokea wa kukidaka, kazi husimama na maandishi yake huonekana kwenye konsoli. Kiufundi mambo yanaishia hapo. Lakini anayeyasoma ni binadamu, tena katika saa ambayo amekwama na mara nyingi hana chanzo kingine cha habari. Hapo linazuka swali la maadili: aliyeyaandika anawiwa nini na yule atakayeyasoma?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ujumbe wa kosa ni ushahidi, na mwandishi wake anafungwa na masharti yaleyale yanayomfunga shahidi yeyote. Asinyamaze panapotakiwa kusema. Asiseme asichokijua. Asimtuhumu mtu bila hoja. Asitoboe siri ya mwingine. Na aseme kwa namna ambayo msikilizaji anaweza kuitumia. Kwa mtazamo huu, uwazi wa lugha ndani ya msimbo ni sehemu ya uaminifu wa mwandishi, na kuupuuza ni kuvunja ahadi ambayo msomaji hakuwahi kupewa kwa maneno lakini ana haki ya kuitegemea.

Nani anayesema

Hoja hiyo inasimama tu ikiwa kuna mtu anayesema. Kwa juujuu inaonekana hakuna: mashine ndiyo imetoa maandishi, na mashine haina nia. Lakini kila neno linaloonekana liliandikwa na mtu kabla ya tukio, akikisia hali ambayo msomaji angejikuta ndani yake. Kanuni rasmi za lugha, zinazoitwa ECMAScript, hutaja aina ya kosa linalopaswa kutupwa katika kila hali, lakini hazipangi maneno ya ujumbe. Maneno yameachiwa watengenezaji wa kila injini.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika kosa linalojulikana kuliko yote, la kuomba sifa ya kitu ambacho thamani yake ni `undefined`, yaani hakijapewa thamani. Chrome husema kwamba sifa za `undefined` haziwezi kusomwa, kisha hutaja sifa iliyokuwa ikisomwa. Firefox hutaja jina la kitu chenyewe na kusema kwamba hakina thamani. Safari husema kwamba `undefined` si kitu chenye sifa, kisha huonyesha kipande cha msimbo kilichokuwa kikitekelezwa. Tukio ni moja na mashahidi ni watatu; wote wanasema kweli, ila mmoja ameitazama sifa, wa pili amemtazama mwenye sifa, na wa tatu ametazama sentensi nzima. Tofauti hiyo ni maamuzi ya watu, na maamuzi ya watu yanaweza kuulizwa kama ni mema au mabaya.

Ugumu wa pili wa ushahidi huu uliwahi kuelezwa zamani sana. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates analalamika kwamba maandishi hayawezi kuhojiwa: ukiyauliza, hurudia lilelile. Mwalimu aliye darasani huona uso wa mwanafunzi na kubadili maelezo, karatasi haiwezi. Ujumbe wa kosa ni maandishi ya aina hiyo katika hali yake kali kabisa, kwa sababu msomaji wake ana maswali mengi na mwandishi hayupo. Kwa hiyo mwandishi analazimika kuyajibu maswali kabla hayajaulizwa. Nayo yanajulikana: nini kimetokea, kimetokea wapi, kwa nini, na sasa ifanyike nini. Ujumbe unaojibu manne haya ni nadra. Unaojibu mawili ni wa kawaida. Na usiojibu hata moja unamwacha msomaji pale ulipomkuta.

Kunyamaza

JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 alipokuwa Netscape, na toleo la kwanza la majaribio lilikamilika kwa takriban siku kumi. Ililengwa kwa watengenezaji wa kurasa ambao wengi wao hawakuwa wahandisi, na msimamo wake ulikuwa wa uvumilivu: ukurasa usisimame kwa jambo dogo. Kwa sababu hiyo lugha ilizoea kunyamaza. Ukizidisha neno kwa namba hupati kosa; unapata `NaN`, thamani inayomaanisha kwamba jibu si namba. Ukigawanya namba chanya kwa sifuri unapata `Infinity`. Ukiomba sifa isiyokuwepo unapewa `undefined`. Ukikosea herufi moja katika jina unaloliwekea thamani, jina jipya huzaliwa kimyakimya huku lile ulilolikusudia likibaki na thamani ya zamani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuupunguza ukimya huo hatua kwa hatua. Toleo la tatu la ECMAScript, la Desemba 1999, ndilo lililoleta `throw`, `catch` na `try`, neno linalozunguka msimbo ambao kosa lake hudakwa na `catch`. Toleo la tano, la Desemba 2009, lilileta hali kali inayowashwa kwa maneno `"use strict"`, na makosa mengi yaliyokuwa yakimezwa yakaanza kutangazwa, likiwemo lile la jina lililokosewa herufi. Mwaka 2020 Node.js toleo la 15 liliamua kwamba ahadi (`Promise`, yaani kazi ambayo jibu lake huja baadaye) iliyovunjika bila mtu kuidaka isimamishe programu, wakati hapo awali ilitoa onyo tu.

Sababu ya mwelekeo huo ni kwamba ukimya haulifuti kosa, unalihamisha. `NaN` iliyozaliwa kwenye bei ya bidhaa moja hupita kwenye jumla, ikaingia kwenye kodi, ikatokea kwenye ankara ya mteja, na huyo anayeiona ankara hana njia ya kujua mwanzo wake ulikuwa wapi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika programu, kilio husikika mbali na mahali pa ugonjwa, na mara nyingi masikioni mwa mtu ambaye hakuhusika.

Aina mbaya zaidi ya ukimya ni `catch` tupu. Hapo mwandishi amepokea ushahidi mkononi na kuutupa. Programu ikiendelea mbele na kuandika kwenye skrini neno "Imehifadhiwa" huku uhifadhi umeshindwa, kunyamaza kumegeuka kauli ya uongo. Hata hivyo, si kila ukimya ni hatia. Ukurasa ukishindwa kusoma rangi aliyoipenda mtumiaji juzi, ukatumia rangi ya kawaida, hakuna aliyedanganywa. Kipimo cha kutenganisha hali hizi mbili ni swali moja: je, kwa sababu ya ukimya huu, kuna mtu anayeamini jambo lisilo kweli na atakayetenda kwa kulitegemea? Jibu likiwa ndiyo, kunyamaza hakuruhusiki.

Kusema kinachojulikana tu

Anayesema naye anaweza kukosa uaminifu bila kukusudia kudanganya. Kuna namna moja iliyoenea: kazi ya kuingia kwenye akaunti huzungushiwa `try`, na ndani ya `catch` huandikwa "Neno la siri si sahihi". Sababu hiyo ni mojawapo tu. Mtandao unaweza kuwa umekatika, seva imezimika, jibu limefika likiwa na muundo mbovu, au mwandishi mwenyewe amekosea jina la fanksheni. `catch` ya JavaScript hudaka kila kilichotupwa bila kubagua aina, na ujumbe mmoja unasemwa kwa yote. Mtumiaji anabadilisha neno la siri mara kadhaa, kumbe lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alihesabu miongoni mwa masharti ya mazungumzo ya ushirikiano kwamba mtu asiseme jambo asilo na ushahidi wa kutosha juu yake. Programu inajua tu kile ilichokikagua. Kwa hiyo sharti la Grice linakuwa sharti la uandishi wa msimbo: kabla ya kutaja sababu, kagua aina ya kosa au alama yake, na kosa usilolitambua lirushe tena lilivyo ili litafute anayelijua.

Upo pia umbali kati ya dalili na chanzo. Ujumbe kwamba sifa ya `undefined` haisomeki ni wa kweli, lakini unataja mahali programu ilipoangukia, na huenda iliteleza kwenye faili lingine kabisa. Dawa ni ukaguzi wa mlangoni: fanksheni ichunguze ilichopewa mara tu inapoitwa, na ikikikataa iseme ilitarajia nini na imepokea nini. Kwa mfano:

`throw new TypeError('hesabuRiba: "mkopo" unatakiwa kuwa namba, kilichopokelewa ni maandishi "laki mbili".');`

Sentensi hiyo fupi inataja fanksheni, kigezo, kilichotarajiwa na kilichofika. Msomaji haagui. Lakini hata hapa ukweli unadai uangalifu, kwa sababu neno `typeof` la JavaScript, linalotaja aina ya thamani, likiulizwa kuhusu `null`, thamani inayomaanisha kwamba hakuna kitu, hujibu kwamba ni `"object"`, yaani kitu. Hiyo ni dosari ya tangu mwanzo wa lugha iliyoachwa ili kurasa za zamani zisiharibike. Mwandishi anayeinakili ndani ya ujumbe bila kuipima atakuwa amemwambia msomaji kwamba kitu kimepokelewa, ilhali hakuna kilichopokelewa.

Swali la habari imetoka wapi lina historia ndefu nje ya kompyuta. Wanazuoni wa Hadithi waliweka elimu kamili ya isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, kwa kuwa uzito wa habari ulitegemea kujulikana nani aliipokea kwa nani. Mnyororo ukikatika, habari hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri. Programu za leo zimejengwa kwa tabaka, na kosa hupanda kutoka tabaka hadi tabaka kabla ya kumfikia binadamu. Tabaka la chini linajua kwamba seva haikujibu. La katikati linajua kwamba orodha ya wanafunzi haikupakiwa. La juu linajua kwamba ripoti ya muhula haiwezi kutolewa. Kila moja lina ukweli wake, na msomaji anauhitaji wote. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kulidaka kosa la chini, kutupa jipya lenye maneno ya juu, na kulipoteza la kwanza. Tangu 2022 kanuni za ECMAScript zinampa mwandishi sifa iitwayo `cause`, ambayo kosa jipya hubebea lile lililolisababisha. Kuitumia ni kuuhifadhi mlolongo. Kutupa maandishi matupu badala ya kitu cha `Error`, jambo ambalo lugha inaliruhusu, ni kuukata, kwa sababu maandishi hayabebi kumbukumbu ya fanksheni zilizoitana hadi kufika hapo.

Lawama

Ushahidi hueleza tukio. Hukumu humtaja mkosaji. Ujumbe mwingi wa kosa huruka hatua ya kwanza na kutua moja kwa moja kwenye ya pili. Mwaka 1982 Ben Shneiderman, mtafiti wa mahusiano kati ya binadamu na kompyuta, aliandika katika jarida la Communications of the ACM kuhusu ujumbe wa mifumo, akiwaasa wabunifu waachane na maneno ya kutisha na ya kushutumu na kutaja kwa usahihi kinachohitajika. Miongo minne baadaye shauri hilo bado linahitajika, kwa sababu shutuma ni rahisi kuandika kuliko maelezo.

Fomu ya wavuti inaweza kumwambia mtu "Umeingiza nambari batili". Inaweza pia kumwambia "Nambari ya simu inahitaji tarakimu 10, zilizopokelewa ni 9". Kauli ya kwanza inamhukumu mtu na haimwambii alikosea wapi. Ya pili inaeleza tofauti kati ya kilichohitajika na kilichofika, na mtu mwenyewe anajisahihisha. Tena mara nyingi hukumu yenyewe si ya haki. Nambari iliyoandikwa kwa kuachanisha tarakimu ili isomeke vizuri, au inayoanza na +255 badala ya sifuri, ni nambari sahihi. JavaScript huondoa nafasi hizo kwa mstari mmoja wa msimbo. Fomu inayoikataa imelihamisha jukumu la mwandishi na kuliweka mabegani mwa mtumiaji, kisha ikaliita kosa la mtumiaji.

Dhuluma hiyo huonekana wazi zaidi kwenye majina. Fomu nyingi huruhusu herufi kati ya A na Z pekee, na jina lenye ng', kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma, hukataliwa kwa kauli kwamba "jina si halali". Hakuna jina la mtu lisilo halali. Ukweli wa tukio hilo ni kwamba mfumo haukuandaliwa kupokea alama ile. Kama mwandishi hana uwezo wa kuurekebisha mfumo leo, angalau ujumbe wake useme hivyo: "Mfumo huu bado haupokei alama ya ritifaa, andika jina bila alama hiyo kwa sasa". Hapo upungufu umewekwa mahali pake.

Siri na wasomaji wawili

Sharti la kusema kweli halidai kwamba kila kweli isemwe kwa kila mtu. Tovuti iliyoandikwa kwa uangalifu, mtu anaposhindwa kuingia, humwambia kwamba barua pepe au neno la siri si sahihi, bila kutaja ni lipi. Wengine huona hapo ni kuficha kwa makusudi, na kwa kweli ni kuficha. Ila ujumbe ungesema "barua pepe hii haijasajiliwa", yeyote angeweza kujaribu anwani za watu moja baada ya nyingine na kujua nani ana akaunti, iwe ni kwenye tovuti ya kliniki au ya mikopo. Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba uongo hauruhusiwi hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako, anahesabiwa miongoni mwa wakali kuliko wote katika suala hili. Hata ndani ya ukali huo ipo nafasi ya kutosema yote, maadamu kinachosemwa ni kweli. Kauli kwamba moja kati ya mawili halikulingana ni kweli kamili. Kinachokatazwa ni kusema "huduma haipatikani" wakati inapatikana.

Vivinjari navyo hufuata mantiki hiyo. Msimbo uliopakiwa kutoka tovuti nyingine ukitupa kosa, ukurasa hupewa taarifa ya jumla tu kwamba kumetokea kosa la skripti, isipokuwa seva ya huko imetoa ruhusa. Wasanidi wengi hukereka nayo, lakini inalinda jambo la msingi: maelezo ya kosa yangeweza kufichua kwa ukurasa mmoja yaliyomo kwenye ukurasa mwingine ambao mtumiaji ameingia kwa jina lake.

Suluhisho la kawaida linatokana na kutambua kwamba wasomaji ni wawili. Mtumiaji anahitaji kujua kama kazi yake imehifadhiwa na afanye nini. Mtunzaji wa programu anahitaji mahali, saa, mlolongo wa fanksheni na sababu. Maelezo ya mtunzaji huenda kwenye kumbukumbu za seva, na mtumiaji hupewa namba ya rejea ambayo akiitaja, mtunzaji huyapata. Hata kumbukumbu hizo zina mipaka. Kanuni ya kutaja kilichopokelewa, iliyosifiwa hapo juu, hukoma kwenye neno la siri, nambari ya kitambulisho na taarifa za afya. Hapo ujumbe utaje sharti lililovunjwa, kama vile urefu wa chini, na uiache thamani yenyewe.

Njia ya kutokea

Ujumbe unaweza kuwa wa kweli, wa haki na wenye stara, na bado ukamwacha msomaji bila msaada. Rolf Molich na Jakob Nielsen walipotoa kanuni zao za kutathmini violesura mwaka 1990, na Nielsen alipozirekebisha mwaka 1994, kanuni moja ilihusu makosa: ujumbe utumie lugha ya kawaida, utaje tatizo kwa usahihi, na upendekeze hatua ya kulitatua. Sehemu ya tatu ndiyo huachwa mara nyingi.

Gharama ya kuiacha ilionekana katika mkasa wa Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotumika Marekani na Kanada. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi kwa kadiri kubwa sana, na baadhi yao walifariki. Msimbo wake haukuwa wa JavaScript, lugha ambayo ilikuwa haijazaliwa, na chanzo kikuu kilikuwa dosari ndani ya programu pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo vilivyokuwepo katika mashine za awali. Lakini uchunguzi uliochapishwa na Nancy Leveson na Clark Turner mwaka 1993 ulionyesha pia nafasi ya ujumbe. Skrini iliandika neno la hitilafu na namba 54, bila kumwambia mwendeshaji maana yake, wala kwamba mgonjwa yuko hatarini. Waendeshaji walikuwa wamezoea mashine kusimama mara kwa mara kwa sababu ndogo, na kitufe kimoja kilitosha kuiendeleza. Mwendeshaji akakibonyeza, na mionzi ikatoka tena.

Mkasa huo una mafunzo mawili. Ujumbe usioeleweka humfundisha msomaji kupuuza, na tabia hiyo humfuata hadi siku ambayo ujumbe una uzito wa uhai. Pia, hatua ambayo programu inaifanya kuwa rahisi ndiyo ushauri wake halisi, vyovyote maneno yatakavyosema. Katika JavaScript, kitufe cha "Jaribu tena" kilichowekwa chini ya ujumbe wa malipo yaliyoshindwa ni ushauri kwamba kujaribu tena ni salama. Ikiwa haijulikani kama malipo ya kwanza yalipita, ushauri huo ni wa uongo. Mtu aambiwe aangalie salio kwanza.

Lugha ya msomaji

Karibu ujumbe wote wa injini za JavaScript umeandikwa kwa Kiingereza, na msanidi wa Dodoma au Mombasa huusoma hivyo. Ujumbe wa mtumiaji ni suala tofauti: huandikwa na mwenye programu, na hana udhuru wa kumpa mtumiaji wa Kiswahili lugha asiyoitumia. Sharti la kitaalamu la kulifanikisha hilo ni kutenganisha alama ya kosa na maneno yake. Tangu 2017 Node.js imekuwa ikiyapa makosa yake alama za kudumu, ili maneno yaweze kuboreshwa bila kuvunja programu zinazoyategemea. Alama ni ya mashine kusoma. Maneno ni ya binadamu, na yako huru kutafsiriwa na kusahihishwa.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa pekee. Wasanidi hupenda kuandika kiolezo kimoja chenye nafasi ya jina: kitu fulani "hakikupatikana". Kiolezo hicho kinafaa kwa kitabu, lakini mtumiaji hakupatikana, faili halikupatikana, barua haikupatikana na maombi hayakupatikana. Upatanisho wa ngeli haukubali kuunganishwa kwa gundi. Zana ya `Intl.PluralRules` iliyomo ndani ya JavaScript hutambua umoja na wingi wa Kiswahili, lakini haijui ngeli. Kwa hiyo kila nomino inahitaji sentensi yake nzima. Kazi hiyo huonekana ndogo, ila sentensi yenye upatanisho mbovu humwambia msomaji kwamba hakuna aliyeisoma kabla yake.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba lugha ya maadili ni nzito mno kwa jambo hili. Ujumbe wa kosa ni urahisi tu, na programu ni chombo. Jibu ni kwamba chombo hakisemi, lakini ujumbe unasema. Una madai yanayoweza kuwa kweli au uongo, na watu hutenda kwa kuyategemea. Hayo yanatosha kuuweka chini ya sharti la ukweli, hata kama madhara ya kila ujumbe mmoja ni madogo.

La pili linasema wataalamu wanapenda ufupi. Ni kweli, na ufupi haupingani na uwazi. Mfano wa `hesabuRiba` hapo juu ni sentensi moja. Kinachopanua ujumbe bila faida ni mapambo, hasa ya upole wa bandia: "Lo! Samahani sana, kuna kitu hakikwenda sawa". Kuomba radhi ni tendo la mwenye kuwajibika, na mashine haiwajibiki. Taasisi inaweza kuomba radhi, na ikifanya hivyo itaje ni nini kimeharibika na inafanya nini. Radhi isiyotaja kosa haimpi msomaji habari wala haki.

La tatu ni zito zaidi: mwandishi hawezi kukisia kila hali. Hawezi, wala hadaiwi hivyo. Anadaiwa kukiri mpaka wa anachokijua. Ujumbe unaosema "Kumetokea kosa ambalo programu hii hailitambui, kazi yako ya mwisho haikuhifadhiwa, maelezo yametumwa kwa watunzaji chini ya rejea hii" ni wa kweli hata pale ambapo hakuna aliyejua kinachoendelea, mradi kila kipande chake kimekaguliwa.

Ukweli wa kudumu

Ushahidi wa mahakamani hutolewa mara moja. Ujumbe wa kosa hutolewa tena na tena kwa miaka, huku msimbo unaouzunguka ukibadilika, na ujumbe uliokuwa kweli siku ya kuandikwa unaweza kugeuka uongo bila mtu kuugusa. Kikomo cha faili kikipandishwa kutoka megabaiti 5 hadi 10 na ujumbe ukabaki unataja 5, watu watapunguza picha zao bure. Kinga yake inajulikana: ujumbe usome kikomo kutoka mahali palepale panaposomwa na ukaguzi, ili viwili hivyo visiweze kutofautiana. Majaribio ya programu nayo yaguse njia za kushindwa kama yanavyogusa njia za kufanikiwa, na anayepitia msimbo wa mwenzake ausome ujumbe kwa macho ya mtu asiyeujua msimbo huo. Mwandishi hawezi kuwepo kila mara maneno yake yanaposomwa, kwa hiyo wajibu wake wa kusema kweli hutimizwa kabla: katika ukaguzi alioufanya, katika maneno aliyoyachagua, na katika uangalizi unaoendelea kwa muda wote ambao programu inatumika.